Jina Bohdan la Waukraine: maana yake, asili yake, na kwanini mimi Bahati naambiwa ni ndugu yake

Bahati_wa_Ternopil

Wakuu salaam, wa usiku huu na wale mlio zamu.

Mke wangu ana miezi minane, ultrasaundi imeshasema ni dume, kwa hiyo nyumbani vita ya majina imeanza rasmi. Mimi nataka mtoto aitwe Bohdan. Mama yangu kalisikia mara moja tu kwenye simu akauliza "Boga nani?" Nikamwambia si boga mama, ni Bohdan, akanijibu mtoto wa watu unataka kumwita boga kwani majina yameisha Morogoro, akakata simu.

Kabla na nyie hamjanivaa ngoja niwape kisa. Nilisoma Ternopil, mji uko magharibi mwa Ukraine, nilimaliza kabla ya vita. Hosteli yetu kila ghorofa ilikuwa na jiko moja la watu wote, na siku ya kwanza nimeingia na sufuria yangu nasonga ugali wa manka (ile semolina, maana sembe huko utaisikia kwenye ndoto tu), pembeni yangu kuna jamaa mrefu anakaanga viazi na vitunguu, akaniuliza jina. Nikasema Bahati. Jamaa akacheka mpaka akaenda kuzima moto wake. Kumbe kwa Kiukraine tajiri mmoja ni bahatyi na wakiwa wengi wanaitwa bahati, hivyohivyo kama ninavyoandika, na mkazo uko palepale kwenye "ha". Akachungulia sufuria yangu, akasema, "Matajiri wanakula uji mgumu?"

Nikamuuliza na wewe je? Akasema Bohdan. Boh ni Mungu, dan ni aliyetolewa, ukiunganisha ni Aliyetolewa na Mungu, sisi tungesema Zawadi ya Mungu. Mama yake alikaa muda mrefu sana bila kupata mtoto, alivyompata wala hakuhangaika kufikiria jina.

Huyu jamaa 2015 kwenye baridi nilipopasuliwa kidole tumbo alikaa na mimi hospitali usiku mbili, amekaa kwenye kiti cha mbao, na mama yake akapanda basi kutoka kijijini na supu ya kuku kwenye chupa ya kioo ameizungushia sweta isipoe. Sasa mtu kama huyo unamlipa nini. Basi ndio nataka jina.

Kingine nilichokipenda ni jinsi wanavyoliita. Wale ukimtaja mtu jina linakuwa Bohdan, ila ukimwita aje linageuka mwishoni linakuwa Bohdane. Mama yake akipiga simu ikiwa kwenye spika, jiko zima tunasikia "Bohdaaane!", na sisi tulikuwa tunaitikia wote. Marafiki wanamwita Bodya. Walimu wanaliita na jina la baba nyuma yake, Bohdan Mykhailovych, ni kama bin tu ya kwetu, mtoto wa Mykhailo.

Maswali yangu sasa. Kuna mwenye kuijua asili ya hili jina zaidi ya hapo, ni la Kiukraine kweli au ni la Kirusi? Na kwa mtoto wa Kitanzania mnalionaje?

Chalii wa Ngarenaro

Mwanangu umesema kifupi chake ni Bodya? Huyo dogo darasa la kwanza wiki ya kwanza tu ataitwa Bodaboda na hilo halitoki mpaka anaoa. Nimekuonya kistaarabu.

Kijana wa Kigamboni

Hilo ni jina la Kirusi bana, Bogdan. Nawajua kina Bogdan kibao kwenye mpira. Yule kipa wa Romania Bogdan Lobonţ aliyedaka Ajax na Roma humkumbuki?

Bahati_wa_Ternopil

Mkuu umejipiga mwenyewe hapo, umesema la Kirusi halafu mfano umetoa Mromania 😂

Deusi wa Kagera

Ndugu Bahati mimi nacheka peke yangu hapa. Naitwa Deusdedit. Unajua maana yake? Kilatini, Mungu ametoa. Yaani mimi ni Bohdan toka nazaliwa na sikuwahi kujua. Kagera ukirusha jiwe kanisani utampata Deusdedit, na akikwepa litampiga Deodatus, ambaye naye ni aliyetolewa na Mungu, na wote wawili mtaani tunaishia kuitwa Deus au Deo. Kuna mpaka Papa aliitwa Deusdedit, alikaa kwenye kiti 615 mpaka 618.

Kwa hiyo suluhu ya mama ni rahisi. Mtoto abatizwe Deodatus, nyumbani muite Bohdan. Maana ni ileile, padri anafurahi, bibi anafurahi, na wewe deni lako kwa yule jamaa unakuwa umelipa.

Papaa wa Bukavu

Sisi huku Bukavu ba Dieudonné beko mingi sana, kila avenue utapata mbili tatu, tunabaita Dieudo. Ni ileile, Mungu alipana. Na jina Bahati pia iko mingi huku Kivu, mwanaume Bahati, mwanamuke Bahati. Sikujua kama kule Ukraine ni batajiri, nitaambia kaka yangu Bahati mwenye kunidai makuta kama mimi ndio niko namudai.

Binti Makame

Asalaam aleykum. Kaka Bahati, huku kwetu Unguja jina hilo lipo pia kwa Kiarabu, Ataullah na Hibatullah, zote ni kipawa cha Mungu. Kwa hiyo Muislamu mwenye kulipenda jina la rafikiye asilikose.

Ila mie nna suali. Nafanya kazi hoteli upande wa mashamba, na kabla ya vita wageni wa Kiukraine walikuwa wanakuja kwa ndege nzima nzima hasa ule msimu wa mwisho wa 2020 kuingia 2021. Sasa kwenye orodha ya wageni mmoja kaandikwa Bohdan mwengine Bogdan, na nikimwita Bogdan yule wa kwanza ananirekebisha kwa upole lakini ananirekebisha. Kuna tofauti gani?

Bahati_wa_Ternopil

Dada Binti Makame hilo swali tamu. Herufi ni moja, ile inayofanana na L iliyopinduliwa, Г. Warusi wanaitamka g, Waukraine wanaitamka h, lakini siyo h yetu ya "hapa", ni nzito kidogo inatoka kooni, iko katikati ya h ya "hapa" na gh ya "ghali". Hiyo g ya kweli Waukraine wana herufi yake nyingine yenye kimkia juu, Ґ, ambayo Wasovieti waliifuta kwenye tahajia mwaka 1933 na ikarudishwa 1990. Kwa hiyo mtu akikurekebisha kutoka Bogdan kwenda Bohdan anakwambia na anakotoka. Rafiki yangu alikuwa mpole kwa kila kitu, ila ukimwita Bogdan anakaa kimya tu kama hajasikia. Nilikuja kuelewa baadae.

Mzee wa Maktaba

Vijana mmefanya vizuri kufungua huu uzi. Niongeze ya kihistoria kidogo, na swali la "ni la Kirusi au la Kiukraine" lijibike.

Jina ni la Waslavi wote. Waserbia wanalo (yule mchezaji wa kikapu Bogdan Bogdanović jina na ukoo vyote ni hilohilo), Wapolandi wanalo, Wabulgaria wanalo, Wabelarusi wanasema Bahdan. Waromania si Waslavi lakini wamelichukua zamani sana, mtu aliyeanzisha utawala wa Moldavia karibu mwaka 1359 aliitwa Bogdan, na Waturuki wa Uthmaniya wakaiita nchi nzima kwa jina lake, Boğdan. Sasa ukiuliza kwanini Ukraine ndiyo inaonekana mwenye jina, jibu ni mtu mmoja, Bohdan Khmelnytsky.

Huyu alizaliwa karibu 1595, alikuwa ofisa wa Makosaki, wale wapiganaji wa mbugani huko Ukraine. Mkubwa mmoja wa Kipolandi akamnyang'anya shamba lake la Subotiv na hakupata haki popote alipolalamika, 1648 akaanzisha uasi uliotikisa dola yote ya Poland na Lithuania. Leo sanamu yake yuko juu ya farasi mbele ya kanisa la Mtakatifu Sofia pale Kyiv toka 1888, yuko kwenye hela yao ya hryvnia 5, na mji wa Proskuriv uligeuzwa jina 1954 ukawa Khmelnytskyi.

Ila kitu kinachohusu uzi huu ni hiki. Huyu bwana hakubatizwa Bohdan. Jina la ubatizo lilikuwa Zynoviy. Bohdan ni jina la kienyeji, kanisa la Kiorthodoksi lilikuwa na orodha ya majina ya watakatifu, na Bohdan halikuwemo. Kwa hiyo mtu anakuwa nayo mawili, moja la kanisani, moja la nyumbani. Deusi alichokupendekezea ndicho walichokuwa wakifanya kina Khmelnytsky miaka mia nne iliyopita.

Na alivyoingia Kyiv kwa ushindi, Januari 1649 kwa kalenda ya leo, wanafunzi wa pale chuoni walimpokea kwa hotuba wakimwita Musa mpya, mkombozi wa watu wake, na wakasema kabisa kwamba si bure anaitwa Bohdan, maana ametolewa na Mungu. Jina la nyumbani likageuka kampeni.

Ili nisiwe nimesimulia upande mmoja, Wayahudi hawalitaji jina lake kwa heri. Uasi ule wa 1648 na 1649 uliua maelfu kwa maelfu ya Wayahudi, na kwao huyo "aliyetolewa na Mungu" ni balaa. Wapolandi nao wana yao. Na Waukraine wenyewe wanabishana naye mpaka leo kwa sababu ya yale makubaliano ya kuingia chini ya ulinzi wa mfalme wa Moscow, yaliyofanyika pale Pereiaslav mwaka 1654.

Kijana wa Kigamboni

Mzee umeshusha madini. Lakini kama kanisa lilikuwa halilitaki ilikuwaje likabaki karne zote hizo?

Mzee wa Maktaba

Kwa njia mbili kijana wangu. Kwanza, zamani mtoto aliyezaliwa hajabatizwa alikuwa hana jina bado, kwa hiyo wa kiume anaitwa Bohdan na wa kike Bohdana mpaka siku ya maji. Kama huku tunavyosema "mgeni" kabla hajapewa jina. Watoto waliookotwa nao walikuwa wanaitwa hivyo, hujui baba hujui mama, basi Mungu kakupa. Wengine likawaganda. Ndio maana koo ni nyingi, Bohdanenko, Bohdanchuk, Bohdanets, zote ni "wa Bohdan".

Pili, lina maana waziwazi. Jina la Fedir, ambalo ni Theodori wa Kigiriki, maana yake ni hiyohiyo, zawadi ya Mungu, lakini bibi wa kijijini Ukraine akisikia Fedir anasikia sauti tu. Akisikia Bohdan anasikia sentensi.

Chalii wa Ngarenaro

"Akisikia Bohdan anasikia sentensi" daah mzee umeua. Nimeghairi, mpe dogo jina.

Mwl. Sarufi

Habari zenu. Nimepita kimya nikaona nisipoandika sitalala.

Bahati, huyo rafiki yako alicheka kwa sababu aliona majina yanafanana sauti. Mimi nataka nikwambie hazijafanana tu. Ni ndugu wa damu.

Tuanze na bahati yetu. Tumeipata kwa Waarabu, bakht. Waarabu nao waliichukua kwa Waajemi, na kwa Kiajemi bakht ni fungu lako, kile ulichogawiwa duniani. Imetoka kwenye mzizi wa zamani sana, bhag, maana yake kugawa. Sasa mzizi huohuo ndio uliozaa neno baga la Uajemi ya kale, baadaye bagh, yaani mungu, mgawaji, na ndio uliozaa Boh ya Waslavi. Mungu kwao kwa asili ni Yule Anayegawa mafungu. Ndio maana Kiukraine tajiri ni bahatyi, mwenye fungu, na maskini ni ubohyi, asiye na fungu. Ukiangalia vizuri Boh amejificha mle ndani ya maskini na ndani ya tajiri.

Tena kuna ndugu wengine. Baghdad, mji mnaoujua wote, wataalamu wengi wanaufasiri kwa Kiajemi cha kale kuwa bagh na dad, mungu na iliyotolewa. Kwa hiyo Baghdad na Bohdan ni jina moja limevaa nguo tofauti, mmoja mji mmoja mtu. Na bakshishi, ile unayompa dereva au mhudumu, nayo imetoka kwa Kiajemi kwenye kitenzi cha kutoa na kusamehe, mzizi uleule wa kugawa.

Upande wa pili, hilo "dan" nalo lina ukoo mkubwa. Dad ya Baghdad, datus ya Deodatus, donné ya Dieudonné, dori ya Theodori, wote ni mzizi mmoja wa kutoa. Mpaka hilo neno data mnalonunulia bando kila siku ni Kilatini, maana yake ni vilivyotolewa.

Deusi wa Kagera

Yaani mimi ni ndugu wa Baghdad na ndugu wa bando. Nimekubali.

Kijana wa Kigamboni

Mwalimu samahani lakini mimi hizi za "neno hili ni ndugu wa neno lile" huwa zinanichosha. Kila mtu humu akiona maneno mawili yamefanana anaruka nayo. Kesho atakuja mwingine atuambie Ukraine asili yake ni Ukerewe. Ushahidi uko wapi? Kufanana sauti si ushahidi.

Mwl. Sarufi

Sahihi kabisa na nakushukuru, kufanana siyo ushahidi. Chukua mfano huu, Kiukraine wana neno baba. Muulize Bahati maana yake.

Bahati_wa_Ternopil

😂😂 Baba kwao ni bibi kizee. Nilishawahi kumwambia yule mama wa mapokezi kwamba baba yangu ni fundi wa magari nikachomekea "baba" ya Kiswahili kwa kujisahau, akaniangalia kwa heshima mpya kabisa. Alidhani bibi yangu anashusha injini.

Mwl. Sarufi

Basi hapo ndipo tofauti ilipo. Baba yao na baba yetu zimegongana barabarani tu, ni sauti za watoto wachanga, kila lugha inazo. Haziwezi kuonyesha njia zilikopita. Bahati inaweza. Angalia kh ya Kiarabu ikifika kwenye midomo ya wengi wetu inakuwa h. Khabari ikawa habari, kheri ikawa heri, khatari ikawa hatari. Bakht nayo ikapita njia hiyohiyo, kh ikawa h, halafu kwa kuwa Kiswahili hakipendi konsonanti zibanane hivyo tukazipa irabu, ba-ha-ti. Kila hatua ina wenzake waliopita palepale. Huo ndio ushahidi, njia inayopitika na wengi.

Upande wa Waslavi njia iko vilevile, ubishi uliobaki kwa wataalamu ni mdogo, kwamba Boh wao walilirithi wenyewe toka zamani au waliliazima kwa Waskithi na Wasarmati, wale wapanda farasi wa mbugani kaskazini mwa Bahari Nyeusi waliokuwa wanaongea lugha za jamii ya Kiajemi. Vyovyote vile mzizi ni mmoja.

Binti Makame

Mwalimu kasema kweli. Bibi yangu mie mpaka leo hasemi habari, anasema khabari, na kheri, na kh yenyewe unaisikia inakwaruza. Sisi wajukuu ndio tumeilainisha.

Kijana wa Kigamboni

Aya mwalimu, hiyo nimeielewa. Nimerudi darasani. Ila Ukerewe bado nina wasiwasi nayo 😅

Papaa wa Bukavu

Mwalimu, basi Bahati na Dieudonné wakioana mtoto ni Bohdan?

Mwl. Sarufi

Papaa hesabu yako iko sawa kuliko ulivyokusudia. Boh ni wa ukoo wa Bahati, dan ni wa ukoo wa donné. Mtoto ni Bohdan kabisa.

Bahati_wa_Ternopil

Wakuu nimesoma comment za mwalimu mara tatu, nikampigia simu Bohdan mwenyewe, saa hizi anafanya kazi hospitali kule kule Ternopil. Nikamweleza kuhusu mzizi, kugawa, Baghdad, bakshishi. Akakaa kimya nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Kwa hiyo siku ile jikoni nilikuwa nacheka jina langu mwenyewe."

Akaniongezea moja nzuri. Asante kwa Kiukraine ni spasybi, na ndani yake kuna Bih, ambalo ni umbo lingine la Boh, asili yake ni "spasy Bih", Mungu akuokoe. Miaka sita nimesema spasybi kwa madereva na wauza mikate na sikujua nilikuwa nawaombea dua.

Na madereva nimekumbuka kingine. Vibasi vyao vidogo, marshrutka, vingi enzi hizo vilikuwa chapa Bohdan, vya njano, vilianza kuunganishwa Cherkasy na chini ni Isuzu mtupu. Konda hakuna kabisa. Umekaa nyuma unampa nauli aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, inafika kwa dereva kwa mikono ya watu kumi, na chenji inarudi njia ileile mpaka kwako bila kupungua hata senti. Siku ya kwanza niliishikilia noti yangu vituo vitatu nasubiri konda aje. Bodya ndiye aliyenichomoa ile noti mkononi akaipeleka mbele, akasema "Bohdan anampa Bohdan".

Chalii wa Ngarenaro

Hapo mkuu usitudanganye, nauli ipite mikono kumi na chenji irudi? Hiyo bongo ikifika mkono wa tatu imeshashuka kituo cha nyuma 🤣

Mama Tumaini

Mimi ni msomaji tu sikomentigi ila hili limenigusa. Baba Bohdan (nishakuita hivyo), huyo mama yako usimlazimishe. Mkalishe chini umwambie ile ya mama wa kijana aliyekuja na supu kwenye chupa kaizungushia sweta. Mama akielewana na mama mwenzie jina litapita. Ukimpelekea mambo ya Waskithi na Makosaki atakuona umeanza kuchanganyikiwa.

Bahati_wa_Ternopil

Mama Tumaini shikamoo na ahsante. Jumamosi naenda Morogoro.

Kijana wa Kigamboni

Tulioweka kambi tunasubiri mrejesho.

Deusi wa Kagera

Wiki ya nne hii. Bahati upo? Dogo kashatoka?

Bahati_wa_Ternopil

Wakuu samahani, nilikuwa kwenye nepi.

Kijana yupo, kilo tatu na robo, mama yake mzima. Kwa mama nilifanya kama alivyosema Mama Tumaini. Sikutaja mzizi wala Baghdad, nilimsimulia kidole tumbo, kile kiti cha mbao, na ile supu. Akauliza swali moja tu, "Ilifika ya moto?" Nikamwambia ilifika ya moto. Akasema basi mwite, ila ubatizo nachagua mimi, akachagua Deodatus, Deusi nadhani ulimpigia simu kwa siri.

Yeye mwenyewe kulitamka kunamshinda, ile h na d zikifuatana ulimi unagoma, anasema "Bohadani". Nikamsahihisha mara mbili nikaacha.

Sasa jana nimeenda kuchukua cheti cha kuzaliwa. Fomu niliijaza kwa mkono wangu, herufi kubwa, nikampa msajili akaisoma kwa sauti huku anachapa. Nimefika kwenye gari ndio nafungua, kimeandikwa DEODATUS BOHADANI.

Mwl. Sarufi

Bakht akawa bahati. Bohdan akawa Bohadani. Umeshuhudia kwa macho.

Chalii wa Ngarenaro

Rudi wakubadilishie mkuu, ni cheti hicho, dogo ataja kusumbuka na pasipoti.

Bahati_wa_Ternopil

Nilitaka kurudi kweli. Nikampigia mama kwanza nimwambie wamekosea, nikamsomea lilivyoandikwa. Akasema, "Wamekosea nini sasa? Hapo ndio limekaa vizuri."